Kupanga Kazi za Uani Wakati wa Vuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia kila wanapotaka kutengeneza ua wa nyuma ya nyumba: sakafu ya kukalia, vijia, kuta, mitaro, nyasi na miti. Yamepewa namba ili jibu moja likigusa jingine tukuelekeze huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Vuli ipi mnayoizungumzia?

Kwa wasomaji wengi vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Humu tunamaanisha majira ya majani kupukutika, yaliyo kati ya joto na baridi kali: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa ikweta, Machi hadi Mei kusini mwake. Kama unaishi mahali ambapo ardhi haigandi kamwe, anza na Swali la 20, kisha urudi hapa.

2. Kwa nini nianze vuli badala ya kusubiri joto lirudi?

Kwa mimea, sababu iko chini ya ardhi. Hewa imepoa, kwa hiyo majani hayapotezi maji mengi, ila udongo bado umehifadhi joto la miezi iliyopita na mizizi inaendelea kukua mpaka udongo unapokaribia nyuzi 5 za Selsiasi. Mche uliopandwa vuli huingia msimu wa joto ukiwa umeshashika ardhi.

Kwa ujenzi, faida kubwa ni kwamba mvua za vuli zinakuonyesha maji yanapita wapi. Dimbwi lililobaki saa 24 baada ya mvua ni habari ambayo mchoro wowote uliochorwa wakati wa ukame hauna. Majani yakishaanguka unaona pia umbo halisi la ua, na unaona ni dirisha gani la jirani linalokutazama.

Hasara ni siku fupi na tope. Ndiyo maana tunatenganisha kupanga na kumaliza. Kupanga, kupima, kuchimba mitaro na kupanda miti ni kazi za vuli bila shaka. Sakafu na zege hutegemea wiki ngapi zimebaki kabla ya ardhi kuganda (Maswali ya 13 na 16).

3. Nitangulize mawe au mimea?

Mawe, na kabla ya mawe, maji. Utaratibu usioleta majuto ni huu: bomoa na uondoe taka, kwangua udongo wa juu na uurundike kando, rekebisha mwinamo wa ardhi, chimba mitaro, laza mabomba na njia za nyaya, jenga kuta, kisha sakafu na vijia. Baada ya hapo rudisha udongo wa juu, panda miti, halafu vichaka, na nyasi ziwe za mwisho kabisa.

Toroli lililojaa kokoto likipita mara 60 mahali pamoja hushindilia udongo kiasi kwamba nyasi zitakazopandwa hapo zitadumaa kwa miaka. Amua njia moja ya kupitishia mizigo, tandika mbao juu yake, na usiiache.

Jambo moja dogo linalosahauliwa karibu kila mara: chini ya kila kijia na sakafu, laza bomba tupu la plastiki la milimita 50, ncha zote mbili zikiwa zimezibwa, na uweke alama kwenye mchoro. Siku utakapotaka taa au maji upande wa pili hutang'oa kitu.

4. Ua wangu ni mdogo. Kweli nahitaji mchoro?

Ua mdogo unauhitaji zaidi, kwa sababu hauna nafasi ya kuficha kosa. Tumia kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni mita 1 ardhini. Karatasi ya A3 itabeba ua wa karibu mita 14 kwa 20. Kila kitu, uwe mti, bomba au kona ya uzio, kipime kutoka kona mbili za nyumba. Pale vipimo viwili vinapokutana ndipo kilipo. Usipime kutoka uzioni, kwani nyuzio chache sana zimenyooka.

Andika milango na inakofungukia, madirisha, mabomba ya kushusha maji ya paa, mifuniko ya chemba, na madimbwi. Weka alama za kivuli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, ukikumbuka kwamba jua la vuli liko chini kuliko la kiangazi. Kivuli unachokiona sasa ni kirefu kuliko kile utakachokuwa nacho wakati wa kukaa nje.

Vipimo vinavyosaidia: kijia cha mtu mmoja sentimita 90, cha watu wawili sambamba 120 hadi 150. Meza ya watu sita inahitaji sakafu ya mita 3 kwa 3.5, kwa sababu kiti kinavutwa nyuma sentimita 90. Kabla ya kuchimba, tandaza kamba au mpira wa maji kufuata umbo, weka meza na viti ndani yake, na uishi hivyo wiki moja. Watu wengi hugundua hapo kwamba sakafu waliyoichora ni ndogo.

5. Nahitaji kibali?

Inategemea unapoishi, lakini mambo matatu huulizwa karibu kila mahali: urefu wa ukuta au uzio, umbali kutoka mpaka, na maji unayoyaelekeza nje ya kiwanja. Kumwagia jirani maji ya mvua ni chanzo cha ugomvi hata pale sheria iliponyamaza. Na kabla ya sururu kugusa ardhi, pata taarifa za nyaya na mabomba yaliyofukiwa kutoka kwa wanaoyamiliki. Alama za mwenye nyumba aliyetangulia hazitoshi.

## Maji na udongo

6. Ardhi iiname kiasi gani, na nitapimaje?

Sakafu ya mawe au zege iiname sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Udongo mtupu au nyasi zinahitaji zaidi: sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Uso wa sakafu uwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu la ukuta wa nyumba. Ukipanda juu ya hapo, matone ya mvua yanayoruka yataingiza unyevu ndani.

Kupima, piga kigingi karibu na nyumba na kingine mwisho wa sakafu, funga uzi, na uuweke sawa kwa pimamaji. Kwa umbali unaozidi mita 3 au 4, mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji ni sahihi kuliko pimamaji fupi, mradi usiwe na povu la hewa. Kisha shusha uzi upande wa mbali: kwa sakafu ya mita 4 ni sentimita 6 hadi 8. Mwinamo huo uwe tayari chini kabisa ya shimo, kwa sababu kila tabaka litakalofuata litakuwa na unene uleule.

Kona za mraba huthibitishwa kwa 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari lazima usome mita 5.

7. Maji yanatuama. Kosa ni la udongo au la mwinamo?

Chimba shimo la sentimita 30 upana na 30 kina. Lijaze maji, liache linywe mpaka likauke, kisha ulijaze tena na upime linashuka sentimita ngapi kwa saa. Likishuka kati ya 2.5 na 7.5, udongo wako ni mzuri na kosa ni la mwinamo. Chini ya 2.5, udongo haunywi, na kusawazisha peke yake hakutatosha. Usilipime siku ya mvua kubwa, kwani udongo ulioshiba utakudanganya.

Angalia pia kama dimbwi liko chini ya bomba la paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 linamwaga lita 2,500. Hakuna udongo unaoyanywa hayo yote mahali pamoja.

8. Mtaro wa kokoto wenye bomba unajengwaje?

Chimba upana wa sentimita 30 na kina cha 45 hadi 60, ukiwa na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pa kutokea. Tandika kitambaa cha kuchuja, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, na uache ncha ndefu pande zote mbili. Mwaga kokoto safi za milimita 20 kwa unene wa sentimita 5, laza bomba la matundu la milimita 100, jaza kokoto hadi sentimita 10 kutoka juu, kunja kitambaa kifunike, kisha rudisha udongo au weka changarawe.

Matundu yaangalie chini. Watu huyageuza juu wakidhani maji yanaingia kama mvua, kumbe maji hupanda kutoka chini ya mtaro, na matundu yakiwa juu bomba linaanza kazi mtaro ukiwa umeshajaa nusu.

Mitaro mingi hufa kwa moja ya mambo matatu. Ya kwanza ni kutokuwa na pa kutokea, yaani mtaro unaoishia katikati ya mfinyanzi ni dimbwi lililofichwa. Ya pili ni kokoto zenye vumbi, ambalo hushuka na kuziba bomba. Ya tatu ni kuunganisha maji ya paa kwenye bomba hili hili la matundu. Maji ya paa yapewe bomba lake lisilo na matundu, la sivyo kila mvua kubwa itakuwa inayamwaga ardhini palepale ulipotaka pakauke.

9. Udongo wangu ni mfinyanzi mtupu. Nichanganye mchanga?

Hapana. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia tofali. Changanya mboji: tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8 na uichanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Finyanga donge mkononi. Likimeguka ukilisukuma kwa kidole, lima. Likibonyea kama unga uliokandwa, subiri, kwani ukilima hivyo unaharibu muundo wake kwa msimu mzima.

Vuli ndio wakati wa kupima uchachu wa udongo. Chokaa ya kilimo huchukua miezi kadhaa kufanya kazi, hivyo ikitiwa sasa udongo utakuwa tayari joto likirudi. Usiitie bila kipimo. Mimea inayopenda udongo wa uchachu, kama azalea, itageuka manjano.

## Sakafu, kuta na ngazi

10. Msingi wa matofali ya pevingi uwe na kina gani?

Kwa miguu ya watu: sentimita 10 hadi 15 za kokoto zilizoshindiliwa, sentimita 2.5 hadi 4 za mchanga, na tofali (wengine huliita kabro) la unene wa sentimita 6. Kwa gari: kokoto sentimita 20 hadi 30 na tofali la sentimita 8. Udongo ukiwa laini au wa mfinyanzi, chukua kipimo cha juu na utandike kitambaa cha kuchuja chini ya kokoto ili zisizame.

Kokoto za msingi ziwe mchanganyiko wa mawe yaliyopondwa, kuanzia milimita 20 kushuka hadi vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linalozifunga. Mawe ya mviringo ya mtoni hayafungani hata ukiyashindilia kutwa. Mwaga kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, nyunyizia maji kidogo, na upitishe mashine ya kushindilia mara nne au zaidi kwa kila tabaka. Ukikanyaga kwa kisigino na hakuna alama inayobaki, tabaka limekubali.

Mchanga wa kulazia uwe wa chembe kubwa, ule wa kutengenezea zege. Ulaze kwa kutumia mabomba mawili ya chuma yenye unene wa sentimita 3 kama reli na ubao ulionyooka juu yake, kisha usiukanyage. Vumbi la mawe lisitumike hapa, linashika maji.

11. Kwa sakafu ya mita 4 kwa 5 ninunue vifaa kiasi gani?

Msingi hupita ukingo wa sakafu kwa sentimita 15 kila upande, kwa hiyo eneo la kuchimba ni mita 4.3 kwa 5.3, karibu mita za mraba 22.8. Kina ni sentimita 24: kokoto 15, mchanga 3, tofali 6.

- Kokoto za msingi: 22.8 × 0.15 = mita za ujazo 3.4, ongeza asilimia 20 kwa sababu zinapungua zikishindiliwa, jumla 4.1.
- Mchanga wa kulazia: mita za ujazo 0.7, ikiwemo ziada.
- Matofali ya sentimita 10 kwa 20: 50 kwa kila mita ya mraba, yaani 1,000. Agiza 1,050 ukipanga kwa mistari iliyonyooka, 1,100 ukipanga kwa mshazari.
- Mchanga mkavu wa kujazia nafasi kati ya matofali: lita 60 hivi.
- Ukingo: mita 13, kama upande mmoja wa mita 5 umegusa nyumba.

Usisahau udongo unaotoka. Mita za ujazo 5.5 zilizokaa ardhini hupanuka kwa robo zikichimbwa, zinakuwa karibu 7, ambazo ni safari 100 za toroli. Amua utaupeleka wapi kabla ya kuanza.

12. Pevingi zilizowekwa mwaka jana zimebonyea na nyingine zinaachana. Kwa nini?

Kuachana ni kukosa ukingo. Matofali hayana gundi. Kinachoyashika ni kubanwa pembeni na mchanga uliojazwa katikati. Ukingo wa zege au wa plastiki uliopigiliwa misumari mirefu lazima ukae juu ya kokoto zilizoshindiliwa, ukikaa kwenye udongo utasukumwa tu.

Kubonyea kuna asili mbili. Bonde refu linalofuata ukuta wa nyumba linatokana na udongo uliojazwa wakati wa kujenga msingi wa nyumba na haukushindiliwa. Mabonde madogo ya hapa na pale yanatokana na fundi aliyesawazisha msingi mbovu kwa kuongeza mchanga. Penye mchanga wa sentimita 7 patashuka kuliko penye 3, hakuna ujanja. Kusahihisha ni kung'oa sehemu ile, kuongeza kokoto na kushindilia; kuongeza mchanga tena ni kurudia kosa.

Kama matofali yamenyanyuka badala ya kubonyea, hiyo ni barafu. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini ubaya zaidi ni kwamba udongo laini wa mchangatope huvuta maji kutoka chini kama utambi wa taa, na tabaka za barafu zinajengeka zikisukuma kila kitu juu. Dawa ni kokoto zinazopitisha maji na mahali pa maji kutokea.

13. Naweza kumwaga zege hali ya hewa ikiwa baridi?

Mradi joto lisishuke chini ya nyuzi 5 katika siku za kwanza, na ardhi isiwe imeganda. Zege la nyuzi 10 huchukua takriban mara mbili ya muda wa zege la nyuzi 20 kushika. Likiganda likiwa bichi, ndani ya saa 24 za kwanza, limepotea. Hata likija kukauka nguvu yake haitarudi.

Kama lazima umwage, tumia maji ya moto kuchanganyia, usizidishe maji, na ulifunike kwa mablanketi ya kuhifadhi joto kwa siku tatu hadi saba. Dawa za kuharakisha zenye kloridi hutafuna nondo, kwa hiyo kwenye zege lenye chuma epukana nazo. Penye baridi ya kuganda agiza zege lenye vipovu vidogo vya hewa, asilimia 5 hadi 7, vinavyolipa barafu nafasi ya kupanukia. Na usisugue maji yanayopanda juu kurudi ndani. Kwenye baridi hayakauki haraka, na mwiko ukiyachanganya na uso, uso huo utabanduka magamba.

Zege la unene wa sentimita 10 likatwe mistari ya kuongoza nyufa kila mita 2.5 hadi 3, kina chake robo ya unene. Litapasuka tu, kazi yako ni kuchagua wapi.

14. Ukuta wa kuzuia udongo nijenge mwenyewe?

Hadi mita 1 kwa ukuta wa mawe au matofali yaliyopangwa bila saruji, ndiyo. Ukizidi hapo, au kukiwa na gari, nyumba au mteremko mkali juu yake, tafuta mhandisi. Mzigo hauongezeki sawasawa na urefu: ukuta wa urefu maradufu unasukumwa kwa nguvu mara nne.

Mstari wa kwanza wa mawe uzikwe angalau sentimita 15, juu ya kokoto zilizoshindiliwa sentimita 15. Ukuta ulalie nyuma sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita ya kwenda juu. Nyuma yake jaza kokoto safi za upana wa sentimita 30, na chini kabisa bomba la matundu kama la Swali la 8. Ukuta ulioanguka, mara nyingi ulisukumwa na maji yaliyokosa njia. Kwa ukuta wa saruji, acha matundu ya kutolea maji kila mita 1.5 au chini ya hapo, na siku ya mvua kubwa ya kwanza nenda ukaangalie kama yanatoa.

15. Ngazi za nje ziwe na vipimo gani?

Zidisha kimo cha ngazi kwa mbili, ongeza upana wa kukanyagia. Jumla iwe sentimita 60 hadi 65. Kimo cha 15 na upana wa 33 kinatembeka vizuri. Zote zilingane, kwani ngazi moja iliyozidi sentimita 2 ndiyo itakayoangusha watu. Kila moja iiname kidogo kuelekea mbele ili maji yasikae na kuganda.

16. Baridi imeingia na kazi iko nusu. Nifanyeje?

Simama kwenye kokoto. Msingi ulioshindiliwa na wenye mwinamo unaweza kukaa wazi hadi joto lirudi, na utakapoushindilia tena utakuwa umeonyesha udhaifu wake bure. Kinachoharibika ni mchanga wa kulazia ulioachwa wazi, na mtaro uliochimbwa bila kujazwa, ambao utabomoka kingo.

Usilaze matofali juu ya msingi ulioganda. Utaonekana umesawazika, kisha utashuka ukiyeyuka. Mchanga wenye gundi wa kujazia nafasi pia uache: unataka matofali makavu na siku nzima bila mvua. Kwa sasa jaza mchanga wa kawaida.

## Mimea

17. Miti ipandwe lini, na shimo liwe kubwa kiasi gani?

Wiki sita kabla ya ardhi kuganda. Isiyopukutisha majani iwahi zaidi, kwa sababu inaendelea kupoteza maji baridi yote. Shimo liwe na upana mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi donge. Pale shina linapopanuka na kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Mti uliozikwa shingo hufa polepole, pengine baada ya miaka mitano, na hakuna anayekumbuka kosa lilikuwa lipi.

Mizizi iliyozunguka ndani ya chungu ikate au uifumue. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni. Matandazo sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Mwagilia mpaka ardhi igande.

18. Nyasi je?

Aina za baridi zisiwe zimechelewa: mbegu zinahitaji siku 45 hivi kabla ya jalidi (umande ulioganda) ya kwanza. Aina za joto, kama bermuda, zisubiri joto. Mikeka ya nyasi inavumilia kuchelewa zaidi, ila sharti ipate maji.

19. Kuna nini kingine cha kupanda au kukata sasa?

Tunguu za maua ya majira ya kuchipua, kama tulipu, huenda chini mara mbili hadi tatu ya kimo chake; tulipu zinahitaji wiki 12 au zaidi za baridi ndipo zichanue. Kukata, punguza. Ondoa matawi yaliyokufa au kuvunjika tu. Vichaka vinavyochanua mapema vimeshabeba macho ya maua, na ukipogoa sasa utakuwa umeyatupa.

## Hali za pekee

20. Kwetu ardhi haigandi. Ushauri huu unanihusu?

Badala ya jalidi, weka mvua kubwa. Chimba mitaro, shindilia misingi na mwaga zege katika wiki za mwisho za ukame. Panda miti na nyasi mvua za kwanza zikishalowesha udongo kwa kina. Kina cha msingi, mwinamo na vipimo vya vifaa havibadiliki. Tahadhari ya zege inageuka: jua kali hulikausha kabla halijashika, kwa hiyo limwage asubuhi mapema na ulilowanishe au kulifunika kwa siku saba.

21. Nina mti mkubwa pale nilipotaka sakafu.

Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua. Kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo, acha duara la nusu kipenyo cha sentimita 30 bila kuchimba: shina la sentimita 20 linadai mita 2.4 kila upande. Mizizi mingi iko katika sentimita 60 za juu, yaani palepale unapotaka kuweka msingi. Ndani ya duara hilo, changarawe iliyotandazwa juu ya ardhi bila kuchimba inakubalika. Udongo wa ziada wa kuinua ardhi haukubaliki, kwani hunyima mizizi hewa.

22. Nitumie chumvi kuyeyusha barafu kwenye sakafu mpya?

Si katika majira ya baridi ya kwanza ya zege. Mwaga mchanga ili watu wasiteleze. Chumvi inayotiririka pia hufika kwenye mizizi ya vichaka vya pembeni.

23. Naajiri fundi. Makadirio yake yaandikwe nini?

Unene wa kokoto *baada* ya kushindiliwa, na kwa matabaka mangapi. Aina ya ukingo. Mwinamo kwa mita na maji yataelekea wapi. Nani anaondoa udongo. Itakuwaje wakikuta mwamba au bomba lisilotarajiwa. Tarehe ya mwisho ya kumwaga zege kwa kuangalia joto (Swali la 13). Fundi anayeandika "msingi mzuri" bila sentimita, mwombe sentimita. Siku ya kokoto uwepo mwenyewe na futi mkononi, maana matofali yakishalazwa kilicho chini hakipimiki tena bila kung'oa.